Kuta za Kilwa
Watoto wa Singida, majabali yetu husimama yenyewe. Hayakujengwa na mtu. Lakini huko pwani ya kusini, katika kisiwa cha Kilwa, ziko kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Watu wake walitajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, wakajenga Msikiti Mkuu. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno wakauteka.

Baadaye mawimbi na mvua zikazila kuta, hata mwaka 2004 UNESCO ikazihesabu kuwa hatarini. Mafundi na wenyeji wakazitengeneza. Mwaka 2014 zikatolewa katika orodha hiyo. Basi jifunzeni: kilichojengwa kwa mikono hutunzwa kwa mikono.