Joto la Maji na Mimba Changa: Jakuzi, Mvuke na Usalama wa Mama Mjamzito

Kuoga maji ya moto si jambo geni Unguja. Hamamu ya Hamamni, Mji Mkongwe, ilijengwa katika enzi ya Sultani Barghash bin Said (1870–1888) kwa matumizi ya umma. Ile ya Kidichi ilitangulia, wakati wa Seyyid Said. Leo hakuna anayeoga humo, bali wageni huzitembelea. Mahali pake pamechukuliwa na jakuzi, yaani beseni kubwa la maji ya moto yanayosukumwa kwa pampu, ambalo hupatikana katika baadhi ya hoteli za mjini na za pwani. Kila mjamzito anayeuliza kama anaweza kuingia humo anastahili jibu lenye sababu, kwani sababu hiyo hiyo inahusu pia kujifukiza kwa nyungu, jambo linalofanyika majumbani.

Linalodhuru ni joto la ndani ya mwili

Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Mtu aliyezama hadi mabegani katika maji ya moto, au aliyejifunika blanketi lililojaa mvuke, jasho lake halina pa kukaukia. Joto hujilimbikiza ndani. Mtoto tumboni hupoza mwili wake kupitia damu ya mama, na kwa kawaida joto lake huzidi la mama kwa takriban nusu nyuzi. Kwa hiyo wataalamu hushauri joto la ndani ya mwili wa mjamzito lisifike nyuzi 39 za Selsiasi.

Maji ya jakuzi huweza kufika nyuzi 40. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1981, vilivyofanywa kwa wanawake wasio wajawazito, vilionesha kuwa katika maji ya nyuzi 41 zilihitajika dakika zisizopungua 10 kabla mwili haujakaribia nyuzi 39. Katika maji ya nyuzi 39, dakika zisizopungua 15. Hivyo muda una uzito sawa na ukali wa maji.

Kwa nini wiki za mwanzo ni hatari zaidi

Ubongo na uti wa mgongo hutokana na mrija wa neva, ambao hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Usipofunga vyema, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Siku hizo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Wengine wamo bado katika fungate. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992, uliohusisha zaidi ya wanawake 22,000, ulikuta kasoro za mrija wa neva zikitokea takriban mara tatu zaidi kwa waliotumia jakuzi mwanzoni mwa ujauzito. Hata hivyo kasoro hizi ni nadra, na walio wengi kati ya waliotumia jakuzi hawakupata mtoto mwenye kasoro hiyo.

Baada ya miezi mitatu ya mwanzo hatari nyingine hubaki. Joto hutanua mishipa, shinikizo la damu hushuka, na mama akisimama ghafla hupata kizunguzungu na huweza kuanguka. Aidha, maji yasiyotiwa dawa ipasavyo huhifadhi vijidudu vya maradhi ya ngozi na mapafu.

Ushauri kwa mjamzito na kwa anayetaka kubeba mimba

Lililo salama zaidi ni kutoingia kwenye jakuzi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Kuoga nyumbani kwa maji ya uvuguvugu hakuna tatizo: maji ya ndoo hayaufuniki mwili, na ya beseni hupoa yenyewe. Anayependa kupumzisha mgongo na achovye miguu tu. Aliyekwisha kuingia atoke mara moja akihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kichefuchefu au joto kumzidi. Anyanyuke taratibu, ashikiliwe, kisha akae penye upepo na kunywa maji.

Mjamzito mwenye homa asijifukize. Homa yenyewe imekwisha kupandisha joto. Mvuke huongeza juu yake, na chungu cha maji yanayochemka huweza kumuunguza. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe, pamoja na kipimo cha malaria. Anayepanga kubeba mimba aanze vidonge vya foliki asidi mapema, kwani hupunguza uwezekano wa mgongo wazi.

Kwa mhudumu wa afya

Swali la "unaoga maji ya moto?" halitoshi. Muulize mama: maji au mvuke ulikuwa mkali kiasi gani, mwili ulizama hadi wapi, kwa muda gani, na mimba ilikuwa na wiki ngapi? Muulize bila kumlaumu. Mama aliyeingia kwenye jakuzi kabla ya kujua kuwa ni mjamzito huja na hofu kubwa, na pengine ameshauriwa kuitoa mimba. Aelezwe wazi kuwa kuingia mara moja kwa muda mfupi hakumaanishi mtoto amedhurika, wala si sababu ya kuitoa mimba. Jambo liandikwe katika kadi yake ya kliniki, naye apangiwe kipimo cha utrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22, ambapo mgongo wa mtoto huweza kuchunguzwa vizuri.