SOMO LA MWEZI: WAZEE WA YEZREELI

Tafadhali someni kwanza 1 Wafalme sura ya 21, mistari yote 29, ndipo mrudi kwenye ukurasa huu. Kama nyumbani mna Biblia moja tu, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Habari ya shamba la Nabothi twaijua tangu shule ya Jumapili, na kwa kuwa twaijua, twakimbilia mwisho, pale Eliya anapokutana na Ahabu. Safari hii tunaomba tukae kidogo na watu wengine wa sura hiyo ambao hata majina yao hayakuandikwa.

Ahabu alitawala Israeli, yaani ufalme wa kaskazini, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Mji wake mkuu ulikuwa Samaria, lakini alikuwa na jumba huko Yezreeli pia, na karibu na jumba hilo palikuwa na shamba la mizabibu la Nabothi. Mfalme alilitaka liwe bustani yake ya mboga. Tumtendee haki Ahabu: mwanzoni hakuja na fimbo. Aliahidi kumpa Nabothi shamba lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Sokoni hayo yangeitwa mapatano mazuri. Nabothi alikataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na Torati (Walawi 25:23) haikuruhusu nchi iuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ni mali ya Mungu, na watu ni wageni wake tu. Sisi wa Daa hatuhitaji maelezo marefu hapo. Mtu ambaye babu yake amezikwa pembeni mwa shamba hapimi shamba hilo kwa magunia ya mahindi peke yake.

Mfalme akaenda kulala, akageuza uso wake, akakataa chakula. Mtu mzima, mwenye jeshi na magari ya vita, anasusa kula kwa sababu ya bustani ya mboga!

Yezebeli mkewe alishangaa. Yeye alikuwa binti wa mfalme wa Wasidoni, na kwao neno la mfalme halikuwa na mpaka. Katika Israeli haikupasa kuwa hivyo. Someni Kumbukumbu la Torati 17:14-20: mfalme asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha, na aandikiwe nakala ya Torati aisome siku zote za maisha yake. Kumbe mfalme naye ni mtu aliye chini ya sheria. Ndiyo maana Mungu aliwaweka manabii. Nabii hakuwa mpiga ramli wa kumwambia mfalme kama vita vitakwenda vizuri (wa namna hiyo Ahabu alikuwa nao kama 400, sura ya 22). Kazi yake ilikuwa kumkumbusha mfalme kwamba yuko mwingine aliye juu yake. Na Samweli alikuwa ameonya tangu siku watu walipodai mfalme: atayatwaa mashamba yenu na mizabibu yenu (1 Samweli 8:14).

Sasa twafika kwa watu wetu. Yezebeli hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na watu wakubwa wa mji wa Nabothi. Tangazeni saumu. Mketisheni Nabothi mbele ya watu. Leteni mashahidi wawili waseme amemtukana Mungu na mfalme. Angalieni jinsi kila kitu kilivyofuata taratibu! Torati ilitaka mashahidi wawili, wakapatikana wawili. Kulikuwa na saumu, kulikuwa na mkutano wa hadhara, na bila shaka palikuwa na sala. Nabothi alipigwa mawe kihalali kabisa, kwa karatasi zilizokamilika. Na 2 Wafalme 9:26 yaonyesha kwamba wanawe nao waliuawa, asibaki wa kudai.

Wazee wale walimjua Nabothi. Walikuwa majirani zake. Waliposoma barua walijua ni uongo, maana waliagizwa watafute watu wasiofaa wa kuutamka. Hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza swali.

Eliya alifika Nabothi akiwa amekwisha kufa. Hili twalipita kila mara tukihubiri sura hii. Nabii alisema neno kali na la kweli, Ahabu akavaa gunia, lakini Nabothi hakufufuka. Waliokuwa na nafasi ya kumwokoa ni wazee wa Yezreeli, siku ile barua ilipofika.

Katika Afrika Mashariki tunayo habari ya barua iliyokwenda upande mwingine. Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, alizaliwa mwaka 1922, akawa mwalimu, kisha kasisi. Alipowekwa wakfu kuwa askofu huko Gulu, Januari 1969, Idi Amin alikuwapo ibadani, wakati huo akiwa mkuu wa jeshi. Mwaka 1974 Luwum akawa Askofu Mkuu, na Amin alikuwa ameshika nchi tangu 1971. Wako waliomlaumu Luwum kwamba alikuwa karibu mno na Ikulu. Alikwenda kwenye shughuli za serikali, lakini ukaribu huo aliutumia kuwaombea waliokamatwa, na alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za usalama kuwaulizia. Nathani naye alikuwa mtu wa nyumba ya Daudi, na ndiye aliyemwambia Daudi habari ya Uria (2 Samweli 12). Kosa si kukaa karibu na mfalme. Kosa ni kukaa hapo na kunyamaza.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu wakidai kutafuta silaha. Maaskofu walikutana, na kwa barua ya tarehe 10 Februari walimwandikia Amin wazi juu ya upekuzi ule na juu ya watu waliokuwa wakiuawa nchini. Walitia sahihi majina yao. Tarehe 16 Luwum alizuiliwa Kampala wenzake walipoambiwa waende zao. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huko Mucwini jamaa walifungua jeneza, wakaona matundu ya risasi. Hapo tena karatasi zilikuwa zimekamilika.

Wako watakaosema Amin alianguka Aprili 1979, hivyo hesabu ilifungwa. Biblia haifungi hesabu upesi hivyo. Yehu alimwua Yoramu mwana wa Ahabu na kumtupa katika shamba lile lile la Nabothi, akisema ni neno la Bwana. Lakini baadaye Hosea (1:4) aliambiwa kwamba nyumba ya Yehu nayo itadaiwa damu ya Yezreeli. Uganda nayo, baada ya Amin, ilimwaga damu nyingi Luwero kabla ya mwaka 1986. Mfalme mpya naye humhitaji nabii.

Hapa kwetu hatuna Ahabu, wala wengi wetu hatutaitwa Ikulu. Lakini wako miongoni mwetu wanaoitwa kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Wako wanaoombwa kuwa mashahidi wa mauziano, au kutia dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma. Wako wanaokaa kikao cha ukoo mume akiisha kuzikwa, wakati shemeji wanapoanza kuzungumzia mpaka wa shamba la mjane. Barua ya Yezebeli huja kwa namna hiyo, na mara nyingi huletwa na mtu tunayemheshimu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kundi:

Wazee wa Yezreeli waliogopa nini? Je, mzee mmoja angekataa, wengine wangefanyaje?

Kwa nini Yezebeli alitaka saumu itangazwe?

Ni shamba la nani, hapa tunapokaa, ambalo sisi twajua ukweli wake na bado hatujasema?