Kutoka Bango hadi Leja: Msanifu wa Tovuti Anapojenga Programu za Biashara

Tim Berners-Lee alipopendekeza mtandao wa kurasa mwaka 1989, katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, kusudi lilikuwa kuwawezesha wanasayansi kupashana taarifa. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kusomwa tu. Leo kwa njia hiyo hiyo watu huagiza bidhaa, hulipa kodi na kutunza hesabu za maghala. Msanifu wa tovuti anayetaka kuingia katika kazi hiyo hana budi kujifunza jambo jipya, nalo ni kutunza ukweli wa kumbukumbu.

Tofauti ya msingi

Ukurasa wa kawaida ni kama bango la dukani: husomwa na wapitao, wala haubadiliki kwa kusomwa. Programu ya biashara ni kama leja: kila aitumiaye huweza kuandika jambo ambalo wengine watalitegemea.

Rasmus Lerdorf aliipitia njia hiyo. Mwaka 1994 aliandika programu ndogo za kuhesabu wageni waliosoma wasifu wake mtandaoni. Baadaye programu hizo ziliongezewa uwezo wa kuwasiliana na kanzidata, zikawa chanzo cha lugha ya PHP. Kanzidata ni hazina ya kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta. Nyingi hupangwa kwa majedwali, kwa kufuata nadharia aliyoichapisha Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970.

Mfano wa ghala la mpunga

Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika bonde la Usangu lisifikalo kwa mpunga. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 iliweka utaratibu ambao mkulima anayehifadhi mazao katika ghala lenye leseni hupewa stakabadhi, na anaweza kuitumia kama dhamana ya mkopo. Kwa hiyo tarakimu moja iliyokosewa yaweza kumpotezea mtu jasho la msimu mzima.

Ichukuliwe kwamba msanifu mmjini humo ameombwa kutengeneza programu ya ghala. Akiba iliyopo ni magunia 40. Makarani wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wanasoma 40 kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaidhinisha magunia 30 yatoke, na kompyuta inaandika baki 10. Wa pili anaidhinisha 25, na kompyuta inaandika baki 15 juu ya tarakimu ya kwanza. Leja sasa yasema yapo magunia 15, ilhali yameidhinishwa 55 kutoka ghala lenye 40! Kila karani alitoa hesabu sahihi. Kosa limo katika mpangilio wa kazi.

Dawa yake ni muamala, yaani hatua kadhaa zinazohesabiwa kuwa tendo moja. Karani wa kwanza anapoanza, programu huiagiza kanzidata kuufunga mstari wa akiba hiyo mpaka amalize. Wa pili husubiri, kisha husoma 10, na ombi lake la 25 hukataliwa. Vilevile, magunia yanapohamishwa kutoka hesabu ya mkulima kwenda ya mnunuzi, umeme ukakatika katikati, muamala hurudisha hali ya awali. Hatua zote hutimia, au hakuna itimiayo.

Kukagua kinachoingizwa

Karani akiandika kwamba yametoka magunia -30, kompyuta isiyokagua itatoa 40 − (−30), na akiba itakuwa 70. Ukaguzi ndani ya kivinjari hautoshi, kwa kuwa mtumiaji aweza kuukwepa. Ni lazima urudiwe katika seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu.

Ujuzi wa zamani haupotei: fomu iliyopangwa vizuri hupunguza makosa ya uandikaji. Hata hivyo, uzuri wa fomu hauwezi kuisahihisha leja yenye kasoro.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya ukurasa wa kusomwa na programu ya biashara.
2. Katika mfano wa ghala, leja ingesoma baki gani iwapo karani wa pili angeandika kwanza, na wa kwanza akafuata?
3. Taja hatua mbili ambazo ni lazima ziwe muamala mmoja katika duka la ushirika la shule.