Kigogo: Mateso Kizuizini na Kauli za Serikali

Katika kusahihisha Karatasi ya Tatu nimekutana mara nyingi na jibu la aina hii: Majoka ni katili kwa sababu anawatesa watu. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Mtahini anataka ueleze mateso hayo yanamsaidiaje mtawala, na anayafichaje. Tutapitia historia ya Kaskazini Mashariki ili tuielewe hoja hii, kisha turudi katika tamthilia.

Katika tamthilia

Ashua anakwenda ofisini kwa Majoka kutafuta msaada na kuishia kufungiwa. Usikomee hapo. Jiulize: anayetakiwa hasa ni nani? Ni mumewe, Sudi, ambaye amekataa kuchonga kinyago cha shujaa wa Majoka. Kwa hiyo kifungo cha Ashua si adhabu ya kosa. Ni njia ya kumshurutisha Sudi atoe anachotaka mtawala.

Katika historia

*Garissa, Novemba 1980.* Maafisa wa serikali waliuawa mjini. Vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Walizuiliwa hapo siku kadhaa bila chakula wala maji.

*Wagalla, Wajir, Februari 1984.* Kuanzia tarehe 10, wanaume wa ukoo wa Degodia walikamatwa na kupelekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani, wakatakiwa waseme bunduki ziko wapi. Fikiria hali ya mtu asiyekuwa na bunduki: hakuwa na jibu lolote la kumwokoa. Wengi walikufa kwa risasi, kwa kipigo na kwa kiu.

Serikali ilisema nini?

Zingatia hatua hizi, kwa maana watawala wengi huzifuata:

1. *Kupunguza.* Mwaka 1984 serikali ilisema waliokufa Wagalla ni 57. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, aliipinga kauli hiyo. Mwaka 2000 serikali yenyewe ilitaja watu 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria kuwa huenda walikaribia 1,000. Wapo manusura wanaotaja idadi kubwa zaidi.
2. *Kuhalalisha.* Tukio liliitwa operesheni ya kusaka silaha na kurejesha usalama.
3. *Kuziba njia ya haki.* Sheria ya mwaka 1970 iliwakinga maafisa wa usalama wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika eneo hili wakati wa vita vya Shifta. Sheria za hali ya hatari nazo ziliondolewa 1991 tu.
4. *Kukiri baada ya muda mrefu.* Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma zilizotendwa na serikali zilizopita. Ilikuwa miaka 31 baada ya Wagalla.

Leo Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinasema haki ya kutoteswa haiwezi kuwekewa mipaka yoyote. Hata mshukiwa wa kosa kubwa anayo. Sheria ya Kuzuia Mateso ilifuata mwaka 2017.

Turudi Sagamoyo

Hatua hizo zinakupa maswali matatu ya kuuliza unaposoma *Kigogo*:

- Nani ana uwezo wa kutangaza kilichotokea? (Kumbuka redio ya Sauti ya Mashujaa.)
- Sauti ya nani haisikiki?
- Mtawala anafaidi nini watu wakiiamini kauli yake?

Ukiyajibu kwa mifano kutoka tamthilia, hoja zako zitakuwa na uzito.

Onyo la mtahini

Usiandike habari za Wagalla au Bulla Kartasi katika jibu la *Kigogo*. Alama hutolewa kwa yaliyomo kitabuni. Historia ikusaidie kuelewa, isichukue nafasi ya tamthilia.

Hata hivyo, usiisahau ukishatoka katika chumba cha mtihani. Ikiwa unasoma Garissa, Wajir au Mandera, huenda nyumbani kwenu yupo mzee anayeujua uwanja ule kwa macho yake. Akitaka kusimulia, msikilize kwa adabu. Asipotaka, usimlazimishe. Umeona hapo juu jinsi idadi ilivyobadilika kutoka 57 hadi 380 na zaidi. Haikubadilika yenyewe. Ilibadilika kwa sababu kuna watu waliokataa kunyamaza.

Zoezi

"Majoka huulinda utawala wake kwa vifungo na kwa maneno." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya *Kigogo*. (alama 20)

*Kidokezo:* Gawa jibu lako katika sehemu mbili, vifungo na maneno. Kila hoja iwe na mfano, na ueleze mfano huo unaonyesha nini.