Homa ya mama haisubiri maji kujaa

SWALI: Daktari, mama yangu ana saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu tunampeleka Ocean Road, Dar es Salaam, anatundikiwa dripu ya dawa nyekundu, kisha tunarudi naye kisiwani, upande wa Mbwera. Safari iliyopita alikojoa mkojo mwekundu, na siku ya tisa akashikwa na homa. Tulimpa dawa mseto na Panadol, akapata nafuu. Mimi ndiye ninayemfulia, na nina mimba ya miezi mitano. Je, tunafanya sawa? – Msomaji, Delta ya Rufiji

JIBU: Mwanangu, pole kwa kuuguza. Nitaanza na homa, maana ndiyo iliyonitia hofu nilipoisoma barua yako.

Huku Rufiji na Kibiti, mtu akichemka mwili, tunataja malaria kabla hata ya kupima. Mara nyingi tunapatia. Kwa mama yako, mazoea hayo yanaweza kumuua. Dawa ile nyekundu, doksorubisini, inashambulia chembe zinazozaliana haraka: za saratani, lakini pia za nywele, za ndani ya mdomo, na za uboho wa mifupa, ambako damu inatengenezwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa chache kuliko wakati wowote. Hapo bakteria waliokuwa wakiishi kwa amani tumboni mwake wanaweza kuingia kwenye damu na kummaliza kwa saa chache. Msitafute usaha wala uvimbe, kwa sababu usaha wenyewe hutokana na hizo chembe nyeupe. Pengine dalili pekee mtakayoiona ni homa.

Kwa hiyo nunueni kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, safari ya hospitali ianze saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe Panadol kabla ya kupima, kwa kuwa inashusha joto na kuwadanganya huku ugonjwa ukiendelea. Kipimo cha malaria afanyiwe, na akikutwa nayo atibiwe. Hata hivyo, malaria ikionekana msiridhike mkarudi nyumbani: bado anahitaji kupimwa wingi wa chembe za damu na kuanzishiwa haraka dawa za kuua bakteria kupitia mshipa. Na asichomwe sindano ya msuli kwenye duka la dawa. Siku hizo hata chembe zinazogandisha damu huweza kupungua, na kitundu kidogo kikavuja au kikageuka jipu.

Najua mtaniambia habari ya maji. Yakipwa, boti haipiti, na kumvusha mgonjwa gizani kati ya mikoko si jambo dogo. Ndiyo maana naomba mpange mapema: kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 mama alale bara, kwa ndugu aliye Nyamisati, Bungu au Kibiti mjini. Sina ushauri mwingine ninaouamini kama huo. Ikishindikana kabisa, elewaneni na mwenye boti kabla hamjaondoka Dar, na fedha ya mafuta iwekwe kando isiguswe.

Mkifika hospitali, iwe ya wilaya Kibiti au ya misheni Mchukwi, msisubiri foleni kimyakimya. Semeni mlangoni: “Ana saratani, alitundikiwa dawa tarehe fulani, leo ni siku ya tisa, ana homa.” Onyesheni kadi yake. Maneno hayo yanamweleza mhudumu zaidi kuliko kusema mama anaumwa.

Mkojo mwekundu wa siku moja au mbili usiwatishe. Dawa hii ilitokana na bakteria wa udongoni waliopatikana Italia, na wekundu ni rangi yake ya asili, inayotoka na mkojo. Ukiendelea baada ya hapo, au akihisi maumivu wakati wa kukojoa, hiyo yaweza kuwa damu. Wengi wanaotundikiwa doksorubisini hupewa pamoja nayo saiklofosfamaidi, ambayo huunguza kibofu. Anywe maji safi kwa wingi na asibane mkojo, isipokuwa daktari wake amemwekea kipimo cha maji.

Kuhusu kufua: kwa siku mbili baada ya dripu, dawa inatoka katika mkojo, kinyesi na matapishi. Kwa mimba yako, mwombe mwingine akushikie kazi hiyo. Yeyote atakayefua avae glavu, afue nguo za mama peke yake, kisha anawe kwa sabuni. Lakini kula naye, kumkumbatia na kulala naye chumba kimoja hakukudhuru. Saratani haiambukizi, na mama akitengwa ataumia mara mbili.

Neno moja kuhusu mkono unaowekwa sindano. Dawa hii nyekundu ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama hadi kuacha kidonda kirefu. Akihisi moto au kuvimba wakati dripu inashuka, amwambie muuguzi papo hapo, asione haya. Hali hiyo ikianza mkiwa njiani, msimkande kwa maji ya moto wala kumchua, ingawa ndivyo tulivyofundishwa nyumbani. Joto huongeza madhara ya dawa hii. Mrudisheni hospitalini.

Safari ijayo, kabla hajatundikiwa, mwelezeni daktari homa ile ya siku ya tisa, ingawa ilipoa. Anaweza kubadili kipimo cha dawa, au kuongeza sindano ya kuinua chembe nyeupe. Kama mama anakunywa mizizi au majani yoyote, mtajieni pia. Na muulizeni namba ya simu ya kliniki, iandikwe juu ya kadi kwa kalamu isiyofutika kwa maji.