Mahindi katika Udongo wa Chumvi na Maji Yaliyotuama: Yafahamu Kabla ya Kununua

Mahindi yanapogeuka manjano shambani, mkulima wengi huelekea moja kwa moja kwenye duka la pembejeo. Hurudi na mfuko wa mbolea, chupa ya kirutubisho cha majani au pakiti ya mbegu mpya iliyosifiwa kuwa haishindwi na chumvi wala mafuriko. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bila faida. Bidhaa inaweza kuwa halali kabisa, lakini haikuwa tiba ya tatizo lililopo.

Katika somo hili twaeleza namna mmea wa mahindi unavyojihami dhidi ya chumvi na maji yaliyotuama, mahali ambapo uwezo wake hukoma, na yale ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kufungua mkoba. Somo lawahusu hasa wanaolima karibu na midomo ya mito kama Pangani na Rufiji, na wale wa tambarare za umwagiliaji, kama zile za chini ya Moshi, ambako chumvi na magadi ni tatizo la muda mrefu.

1. Chumvi huudhuru mmea kwa njia mbili

Dhara la kwanza ni kiu. Mizizi hunyonya maji kwa sababu utomvu wake una chembe nyingi zilizoyeyuka kuliko maji ya udongo. Chumvi inapozidi udongoni, tofauti hiyo hupungua, na mmea huona kiu ilhali umesimama katika udongo wenye unyevu. Majani hujikunja mchana na mmea hudumaa.

Dhara la pili ni sumu. Sodiamu, ambayo ni sehemu kubwa ya chumvi ya kawaida, hupanda pamoja na maji hadi kwenye majani na kurundikana humo siku hadi siku. Ncha na kingo za majani ya chini, ambayo ndiyo ya zamani, huungua kwanza.

Mahindi yana kinga dhidi ya madhara yote mawili. Kukabili kiu, seli hukusanya sukari na viini vingine visivyo na madhara ili ziendelee kuvuta maji. Kukabili sumu, mizizi hurudisha sehemu ya sodiamu udongoni, na mingine huizuia isifike kwenye majani. Mbegu hutofautiana katika jambo hili. Mwaka 2018 watafiti wa China walieleza jeni ya mahindi iitwayo ZmHKT1, ambayo kazi yake ni kuiondoa sodiamu katika mkondo wa maji yanayopanda juu. Palipo na hitilafu katika jeni hiyo, sodiamu nyingi zaidi hufika kwenye majani.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mpaka. Maabara hupima chumvi ya udongo kwa uwezo wa maji yake kupitisha umeme, na kipimo huitwa desisimensi kwa mita. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu, mavuno ya mahindi huanza kupungua kipimo kikipita 1.7, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hupunguza mavuno kwa takriban asilimia 12. Kipimo kikifika 4, zaidi ya robo ya mavuno imekwisha kupotea. Kikikaribia 6, imepotea nusu. Maharage ni dhaifu zaidi, kwani huanza kuathirika kwenye 1.0. Mtama huvumilia hadi takriban 6.8, na pamba hadi 7.7.

2. Maji yaliyotuama huua kwa kukosesha hewa

Mizizi hupumua. Hewa ya oksijeni hupenya ndani ya maji polepole sana, takriban mara 10,000 kuliko inavyopenya katika hewa. Udongo ukishiba maji, oksijeni iliyobaki humalizwa na mizizi pamoja na vijidudu ndani ya siku moja au mbili. Hapo mzizi huendelea kuishi kwa nguvu kidogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya ile unayoipata palipo na hewa.

Mmea haukai bure. Gesi iitwayo ethilini, ambayo mmea huitengeneza wenyewe, hurundikana ndani ya mizizi iliyozungukwa na maji na kuwa kama tarumbeta ya hatari. Baadhi ya seli za mzizi hufa kwa mpango maalumu na kuacha mirija ya hewa kutoka juu hadi chini. Mizizi mipya huota pia kwenye vifundo vya shina, karibu na uso wa maji ambako hewa ipo.

Lakini mhindi si mpunga. Mpunga una mirija hiyo tangu mwanzo, na mizizi yake ina ukuta unaozuia hewa isivuje njiani. Mhindi huanza kujenga baada ya maji kufika, na ukuta wake ni dhaifu. Jamaa mmoja wa porini wa mahindi, anayemea katika pwani ya Nicaragua inayofurika, anazo kinga zote mbili, na watafiti hujaribu kuzihamishia katika mahindi ya kulimwa. Kazi hiyo bado ni ya watafiti. Anayekuuzia leo mahindi ya kustawi majini kama mpunga anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Umri wa mmea nao una uzito. Hadi kufikia takriban jani la sita, kitovu cha ukuaji huwa bado chini ya udongo. Mche wa umri huo ukifunikwa na maji huweza kustahimili siku 2 hadi 4, na pungufu ya hapo wakati wa joto kali. Wakulima wa Rufiji wameijua hekima hii tangu zamani: katika kilimo cha mlau hungoja mafuriko yapungue ndipo wapande, mmea ukue kwa unyevu uliobaki.

3. Chumvi na maji vikija pamoja

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Kuirudisha sodiamu nje ya mzizi ni kazi inayohitaji nguvu, na nguvu hutokana na hewa. Udongo ukituama maji, mzizi hukosa nguvu hiyo, lango hubaki wazi, na sodiamu humiminika hadi kwenye majani. Kwa hiyo mmea ulioweza kuvumilia chumvi ya wastani katika udongo wenye hewa waweza kufa kwa chumvi ileile maji yanapotuama.

Isitoshe, maji ya chini ya ardhi yakiwa karibu na uso, jua huyavuta juu na kuyavukiza, na chumvi hubaki. Maji mabaya ya leo huwa chumvi ya kesho.

4. Jaribio dogo la nyumbani

Udongo wa chumvi na udongo wa magadi si kitu kimoja, na tiba zake ni tofauti. Chukua bonge dogo la udongo mkavu, ukubwa wa harage, ulitumbukize polepole katika glasi ya maji safi ya mvua, kisha uiache imetulia kwa saa kadhaa. Maji yakibadilika na kuwa kama maziwa pembeni mwa bonge, shuku magadi, yaani sodiamu iliyoshikamana na udongo wenyewe. Maji yakibaki meupe, na shambani huonekana utando mweupe wakati wa kiangazi, shuku chumvi ya kawaida.

Jaribio hili hutoa dalili tu; hukumu hutolewa na maabara. Vipimo vya udongo hufanyika, miongoni mwa vituo vingine, katika kituo cha utafiti cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa ugani wa kata yako ataweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli.

5. Utaratibu wa kutumia fedha

Kwanza, yatoe maji. Mtaro uliochimbwa vizuri hurudisha hewa, na hewa huurudishia mmea kinga yake. Bila mtaro, kila kitu kingine ni hasara.

Pili, ishughulikie chumvi kwa aina yake. Chumvi ya kawaida huoshwa kwa maji baridi mengi yanayopita chini na kutoka, haihitaji dawa. Udongo wa magadi ndio unaofaidika na jasi, ambayo nchini huchimbwa sehemu kama Makanya, wilayani Same. Kununua jasi kwa udongo usio na magadi ni kutupa fedha.

Tatu, panda kwa busara. Palipo na mafuriko ya mvua, panda juu ya tuta. Palipo na umwagiliaji wa mifereji na chumvi, panda ubavuni mwa tuta, kwa kuwa chumvi hukusanyika kileleni.

Nne, ndipo ununue mbolea. Udongo uliotuama hupoteza naitrojeni, na ndiyo sababu majani huwa manjano. Lakini urea ikitiwa majini nayo hupotea. Ngoja maji yatoke, pita siku 3 hadi 5, kisha pasua mche mmoja. Kitovu kikiwa cheupe na kigumu, mmea u hai na mbolea itafaa. Kikiwa laini na cha kahawia, fikiria kupanda upya.

6. Dukani

Muuzaji akidai kuwa mbegu yake huvumilia chumvi au maji, muulize: huvumilia kipimo gani cha chumvi? Siku ngapi za maji? Imejaribiwa katika ukanda gani? Neno «huvumilia» lisilo na kipimo halina thamani.

Hakikisha pakiti haijafunguliwa na ina lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, kisha ufuate maelekezo ya uhakiki yaliyoandikwa kwenye lebo hiyo. Lebo huthibitisha ubora wa mbegu. Haithibitishi kwamba mbegu hiyo inafaa udongo wako. Kwa mbolea na visaidizi vya udongo, uliza kama vimesajiliwa na TFRA. Dai risiti, na uihifadhi pamoja na pakiti tupu hadi mavuno, kwani bila hivyo malalamiko yako hayatakuwa na ushahidi.

Palipozidi mpaka wa mahindi, twashauri mtama kwenye chumvi na mpunga kwenye maji.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chumvi huwa hatari zaidi udongo ukituama maji?
2. Ni udongo upi unaofaidika na jasi?
3. Je, shamba lako lahitaji kwanza mbegu, mbolea, au mtaro?