Kidonda cha Kulalia au Ngozi Iliyoshindwa: Mwongozo kwa Wauguzi wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare

Mgonjwa mahututi akitokwa na doa jeusi kwenye kifandugu, muuguzi hutakiwa kuamua mapema: ngozi imekufa kwa kulaliwa muda mrefu, au imekufa kwa sababu mwili mzima umeishiwa nguvu ya kuipelekea damu? Mwaka 1989 muuguzi wa Marekani, Karen Lou Kennedy, alieleza vidonda vinavyozuka ghafla kwa watu walio karibu kufa. Mwaka 2006 Diane Langemo na Gregory Brown walieleza kwamba ngozi nayo ni kiungo, na inaweza kushindwa kama vile figo au ini linavyoshindwa. Kuligundua hilo hakuhitaji mashine. Kunahitaji macho, mikono, na fishi ya mgonjwa iliyoandikwa vizuri.

Anza na safari. Mgonjwa anayevushwa Lualaba kwa mtumbwi hadi Nyangwe, akapakiwa pikipiki kwenda Kasongo, au anayebebwa kwa tipoyi kutoka kijiji cha ndani Kabambare, amekaa mkao mmoja kwa saa nyingi kabla hujamwona. Jeraha la ndani la mgandamizo kwa kawaida huchukua saa 48 hadi 72 ndipo lijitokeze juu ya ngozi. Basi doa la zambarau linaloonekana siku ya tatu wodini huenda lilianzia njiani. Mvue nguo siku ile ile anayopokelewa, umkague kisogo, mabega, viwiko, kifandugu, nyonga na visigino, kisha uulize: amekuja kwa usafiri gani, amelalia upande gani, safari imechukua muda gani? Andika majibu pamoja na saa.

Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeungoja huchelewa. Pangusa mahali hapo kwa maji, uangalie kwa mwanga wa dirishani, ulinganishe na ngozi ya jirani. Gusa kwa mgongo wa vidole: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope? Mgonjwa anajikunja kwa maumivu? Rangi iliyoiva zaidi, ya zambarau au ya buluu, ni onyo.

Kidonda cha mgandamizo, yaani cha kulalia, hukaa juu ya mfupa, au chini ya kitu kilichobana: plasta, kamba ya kuvutia mguu uliovunjika, mpira wa oksijeni nyuma ya sikio. Umbo lake hufuata kile kilichobana. Ukiondoa uzito mapema, ngozi huanza kurudi. Ngozi iliyoshindwa huja na mwili mzima. Presha ya juu imeshuka chini ya 90, mikono na miguu ni baridi, ukucha ukibonyezwa huchukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi, mkojo wa mtu wa kilo 60 umepungua chini ya mililita 30 kwa saa. Baada ya hapo doa huzuka ndani ya saa chache, kingo zake hazina mpangilio, na rangi zimechanganyika. Linaweza kutokea hata mahali ambapo hapakulaliwa, kama vidole vya miguu.

Usichanganye haya na ngozi iliyolowa mkojo au kinyesi: hiyo huchubuka juu juu, kwa upana, hadi kwenye mikunjo. Na mtoto mwenye kwashakoo humenyuka ngozi kwa utapiamlo. Huyo ana matibabu yake.

Ugumu ni kwamba kidonda cha mgandamizo na ngozi iliyoshindwa hukutana. Aliye katika mshtuko wa maambukizi huumizwa na mgandamizo mdogo ambao mwingine angeuvumilia. Kwa hiyo, usiandike kwamba ngozi imeshindwa mpaka fishi ionyeshe mambo matatu: ngozi ilikaguliwa siku ya kupokelewa, mgonjwa aligeuzwa na saa zikaandikwa, na dalili za damu kutofika zilitangulia doa. Yasipokuwepo, andika kidonda cha mgandamizo na ufanye kazi yake. Jina la ngozi iliyoshindwa lisiwe pa kufichia kutogeuzwa. Hata hivyo muuguzi aliyefanya yote hayo asibebeshwe lawama. Fishi ndiyo shahidi wake.

Kwa hali zote mbili, kugeuza hakukomi. Geuza kila saa 2 pale hali inaporuhusu, kwa mlalo wa nyuzi 30, mgonjwa akiegemezwa kwa vitenge vilivyokunjwa. Mwenye presha inayoporomoka mgeuze polepole, kidogo kidogo, ukipima. Inua visigino vining'inie kwa kuweka mto chini ya shavu la mguu. Acha desturi ya kuweka chini ya kisigino glavu iliyojazwa maji, na usimkalishe mgonjwa juu ya duara la kitambaa: vyote hubana damu pembeni. Usisugue penye doa, hata kwa mafuta ya mawese.

Penye kidonda cha mgandamizo, ondoa uzito, safisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na mlishe samaki, mayai, maharagwe. Gamba jeusi kavu la kisiginoni lisilo na usaha usilikate. Ngozi ikishindwa, kazi ya kwanza ni kutibu mshtuko: maji ya mshipa, antibiotiki, oksijeni ikiwepo. Ikiwa mgonjwa anaelekea kufa, shughulika na maumivu na harufu. Metronidazole iliyosagwa juu ya kidonda hupunguza harufu.

Ndugu wanaomlinda wafundishwe kugeuza tangu siku ya kwanza, maana usiku wao ndio wengi. Doa likizuka, waite mapema, uwaonyeshe wenyewe. Waambie hivi: "Mama, papa, damu haifiki vizuri kwenye ngozi kwa sababu ugonjwa umezidi. Tunaendelea kumgeuza na kumpunguzia maumivu." Wape nafasi waulize, na uwajibu ukiwa umeketi nao.